Aliyeingiza betri ndiye aiondoe

Paneli za sola hazikuletwa Mudaka, katika wilaya ya Kabare, Kivu Kusini, Kongo, kwa amri ya waziri yeyote. Zimepanda moja baada ya nyingine juu ya mabati ya maduka yaliyo kando ya barabara ya kitaifa namba 2, juu ya vituo vya afya, makanisa na nyumba za wakulima wa Kabare. Sababu inajulikana. Umeme wa SNEL, shirika la taifa la umeme, ama haufiki, ama unafika kwa saa zisizotabirika, na katika nchi nzima ni takribani mtu mmoja kati ya watano anayepata umeme. Bwawa la Ruzizi I linafua umeme tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, lakini wananchi walio karibu nalo wamelazimika kujitafutia mwanga wao wenyewe. Hawana kosa.

Wenye kosa ni wale wanaopokea ushuru betri inapovuka mpaka, wanaoiuza, na wanaoigawa kwa jina la maendeleo, kisha wasijue wala wasitake kujua inakofia. Na inakufa mapema. Paneli nzuri hudumu miaka 25. Betri ya risasi na asidi inayofungwa nayo, hasa betri ya gari inayopendwa kwa bei yake nafuu, mara nyingi haimalizi miaka 3. Betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache ili injini iwake. Ikikamuliwa usiku kucha kwa taa, redio na simu za wateja, tena bila kifaa cha kudhibiti chaji, sahani zake huharibika haraka. Kwa hesabu hiyo, kaya moja itazika betri 8 kabla ya kubadilisha paneli moja.

Zinazikwa wapi? Aliyewahi kusimama nyuma ya vibanda vya mafundi katika masoko ya ukanda huu hahitaji kuelezwa. Betri hupasuliwa kwa panga. Asidi humwagwa mtaroni. Sahani hutolewa kwa mikono mitupu, huyeyushwa ndani ya sufuria juu ya makaa, na risasi inayopatikana humiminwa upya kuwa vichwa vya betri nyingine au vizito vya nyavu. Majivu na vumbi la kijivu hubaki pale pale chini, mahali ambapo watoto wa fundi wanacheza na jirani anaanika mihogo. Fundi huyo si mhalifu. Anafanya kazi ambayo jamii nzima inaihitaji na ambayo hakuna mtu mwingine aliyepewa.

Lakini madini ya risasi hayajali nia ya mtu. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mwili wa mtoto mdogo huinyonya mara 4 hadi 5 zaidi ya mwili wa mtu mzima. Hushambulia ubongo unaokua. Hupunguza uwezo wa kujifunza, huleta upungufu wa damu, na kwa kiwango kikubwa huua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester waliochunguza biashara hii nchini Malawi walikuta kwamba ukarabati wa betri moja tu kwa njia za mtaani unaweza kumwaga kati ya kilo 3.5 na 4.7 za risasi katika mazingira. Huko Thiaroye-sur-Mer, pembezoni mwa Dakar, watoto 18 walifariki kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 katika mtaa ambao wakazi wake walikuwa wakichekecha udongo wenye mabaki ya betri ili wauze risasi.

Atakayesema kwamba Dakar ni mbali asome hukumu ya Mombasa. Katika kijiji cha Owino Uhuru, kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri kuukuu kiliwekwa kikipakana na nyumba za watu mwaka 2007 na kufungwa mwaka 2014, baada ya kampeni ndefu iliyoongozwa na Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na ambaye mtoto wake mwenyewe alikutwa na risasi mwilini. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mahakama ya Rufaa ikaiondoa amri hiyo mwaka 2023. Tarehe 6 Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha.

Kilicho muhimu kwa Kivu Kusini si ukubwa wa fedha hizo. Ni mgawanyo wake. Hukumu ya mwaka 2020 haikumbebesha mwenye kiwanda mzigo mkubwa kuliko wote. Fungu kubwa zaidi, asilimia 40, lilitwishwa NEMA, mamlaka ya serikali iliyopewa kazi ya kulinda mazingira na isiyoifanya. Wizara ya mazingira na wizara ya afya nazo zikapata mafungu yao. Mahakama ilikataa kisingizio ambacho maofisa wa ukanda huu wamekizoea, kwamba mchafuzi ni mtu mwingine na wao walikuwa wakitazama tu. Kutazama, kwa yule anayelipwa kuzuia, kumehesabiwa kuwa kosa.

Kongo haikosi sheria ya kumfikisha mtu mahali hapo. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2006 kinampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira salama na kuibebesha Dola kazi ya kulinda mazingira na afya ya watu. Kifungu cha 54 kinasema uchafuzi wowote unaotokana na shughuli ya kiuchumi hudai fidia. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 imeweka misingi ya ulinzi wa mazingira, ikiwemo kanuni kwamba anayechafua ndiye anayelipa. Ipo Agence Congolaise de l'Environnement ya kusimamia. Ipo OCC ya kukagua ubora wa bidhaa zinazoingia. Ipo DGDA ya forodha. Kinachokosekana ni mtu anayeweza kuitwa kwa jina lake na kuulizwa betri zilizoingia mwaka jana zimeishia wapi.

Hoja kwamba nchi haina uwezo wa kufuatilia mzigo kama huo haikubaliki, kwa kuwa inafuatilia mizigo migumu zaidi kila siku. Bei ya kobalti iliposhuka, serikali ya Kinshasa ilisimamisha mauzo yake nje tarehe 22 Februari 2025, ikaongeza muda, kisha kuanzia Oktoba ikaweka mgawo: tani 96,600 kwa mwaka 2026, zikigawanywa kampuni kwa kampuni. Nchi inayotoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia imeonyesha kwamba inaweza kuhesabu kila tani inayotoka. Karibu zaidi na hapa, mifuko ya kasiteriti (mawe ya bati) ya mgodi wa Kalimbi, Nyabibwe, ilianza kufungwa lebo mwaka 2012 ili mnunuzi wa Ulaya au Asia ajue bati lake limetoka shimo gani. Malori yenye mifuko hiyo yalikuwa yakipita Mudaka yakishuka Bukavu. Mfuko wa mawe ulikuwa na cheti cha kuzaliwa. Betri yenye sumu iliyopishana nao barabarani haikuwa nacho.

Tena kuna mfano usiohitaji waziri wala mkataba wa kimataifa. Kwa miaka mingi chupa tupu ya bia ya Primus haikutupwa Mudaka. Mnunuzi aliacha tupu au aliacha pesa, mwenye duka aliirudisha kwa msambazaji, naye aliirudisha kiwandani, na utaratibu huo ulipanda milima ambayo hata gari la wagonjwa haliipandi. Kama chupa ya bia iliweza kurudi ilikotoka kwa sababu ilikuwa na amana, betri ya kilo 20 inaweza pia.

Hilo ndilo linalopaswa kuwa amri. Kila betri inayoingia Kivu Kusini iuzwe na amana ndani ya bei yake, amana kubwa kuliko pesa ambayo muuza vyuma chakavu angeitoa, na mnunuzi airudishiwe pale anapoileta betri iliyokufa. Mwingizaji asipewe ruhusa ya kuleta mzigo mpya mpaka aonyeshe amekusanya sehemu iliyotajwa ya mzigo wa zamani. Duka lisilopokea betri kuukuu lisiuze mpya. Hakuna jipya hapa. Kenya imeandika wajibu wa mzalishaji na mwingizaji katika kanuni zake za mwaka 2024, na Umoja wa Ulaya umewabebesha watengenezaji wajibu juu ya paneli zilizokufa tangu mwaka 2012.

OCC nayo ina sehemu yake, na si ndogo. Soko limejaa betri ambazo maandishi ya ubavuni hayalingani na uwezo uliomo ndani. Mkulima anayenunua betri kwa maandishi hayo huibiwa mara mbili, kwanza pesa yake, kisha udongo wake, kwa sababu betri hafifu hufa haraka na kila kifo ni mzigo mwingine wa risasi. Ukaguzi wa mpakani unaoishia kwenye karatasi na muhuri ndio unaoanzisha msururu wote huu. Mizani peke yake ingetosha kuanza: betri ya risasi iliyo nyepesi mno kuliko uwezo ulioandikwa inajishuhudia yenyewe.

Wapo wanaosema tatizo litajiondoa, kwa kuwa betri za lithiamu zinashuka bei na zinachukua nafasi ya risasi. Ni kweli kwa sehemu. Zile za fosfeti ya chuma hazina risasi wala kobalti, hudumu miaka mingi zaidi, na mnunuzi mwenye uwezo anafanya vyema kuzichagua. Lakini tatizo linageuka sura tu. Risasi inakusanywa, ingawa kwa njia inayoua, kwa sababu ina bei. Betri ya fosfeti ya chuma ikifa haina kitu ambacho muuza vyuma chakavu anakitaka. Itabaki mtaroni, au itapasuliwa na mtu asiyejua kwamba ikitobolewa inaweza kuwaka na kutoa moshi wenye sumu. Paneli zenyewe, ambazo zaidi ya theluthi mbili ya uzito wake ni kioo, zitafuata baadaye. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la nishati jadidifu, IRENA, lilikadiria kwamba dunia itakuwa na tani milioni 78 za paneli zilizokufa ifikapo 2050. Kwa Mudaka hilo ni suala la kesho. Betri ni suala la leo.

Bukavu isijidanganye kwamba taka hupotea zikishatupwa. Mji huu umekwisha kuona chupa na mifuko ya plastiki ikiteremshwa na mvua hadi Ziwa Kivu, ikajikusanya mdomoni mwa Ruzizi na kuziba mitambo ya bwawa, hata wafanyakazi wa SNEL wakageuka wazoa taka ili umeme urudi. Plastiki ilionekana kwa sababu inaelea. Risasi haielei. Inateremka kimya na udongo wa miteremko ya Kabare, inaingia mabondeni kwenye mashamba ya mboga, na iliyobaki inakwenda ziwani, kutoka ziwani Ruzizi, kutoka Ruzizi Tanganyika.

Kuna upande mwingine wa gharama ambao wauzaji wa umeme safi hawapendi kuutaja, na Wakongo wana haki ya kuutaja kwa sauti. Kabla sola haijafika Mudaka ikiwa na lebo ya kiwanda cha mbali, sehemu yake huenda ilikwisha kupita hapa ikiwa jiwe. Bati ndilo linalounganisha seli za paneli, na bati huchimbwa Kalehe, Walungu na Shabunda. Kobalti inayojaza betri za magari ya umeme ya Ulaya na China huchimbwa Lualaba na Haut-Katanga. Novemba 2025 maji machafu kutoka kwenye bwawa la kampuni ya Congo Dongfang Mining yalifurika katika makazi ya watu Lubumbashi, na Waziri wa Migodi Louis Watum akasimamisha shughuli za kampuni hiyo kwa miezi 3. Hatua hiyo ilikuwa sahihi. Ilikuja, kama kawaida, baada ya watu kukanyaga maji hayo. Nchi inayochafuliwa madini yakitoka haiwezi kukubali kuchafuliwa tena yakirudi yakiwa bidhaa, halafu iambiwe kwamba hiyo ndiyo gharama ya kuokoa hali ya hewa ya dunia. Walioharibu hali hiyo ya hewa hawaishi Mudaka.

Mashirika ya misaada nayo yajibu. Bajeti zao huwa na fungu la paneli, la ufungaji, na la kibao chenye nembo ya mfadhili. Fungu la kubadilisha betri baada ya miaka 4 halionekani mara nyingi, na la kuiondoa ile ya kwanza ndilo adimu kuliko yote. Kituo cha afya kilichopewa friji ya chanjo ya sola hubaki na friji iliyozima na betri iliyovimba stoo, karibu na dawa, wakati mradi umekwisha kufungwa na ripoti yake imekwisha kusifiwa Kinshasa au Geneva. Mganga mkuu wa eneo la afya akatae vifaa visivyo na mpango wa kuviondoa. Mfadhili atakayekasirika kwa kuombwa aandike mstari huo mmoja katika mkataba hakuja kusaidia.

Linabaki swali la nani anatawala. Tangu Februari 2025 Bukavu na barabara ya Kavumu zimo mikononi mwa waasi wa AFC/M23, idara nyingi za Dola zimeondoka au zimevunjika, na kila upande una jibu rahisi: Kinshasa husema haipo, na waliopo husema hawakulianzisha tatizo hili. Majibu yote mawili hayafai. Anayetoza ushuru kwenye mpaka wa Ruzizi na kodi katika masoko amejitwika wajibu unaoendana na pesa hizo, iwe uhalali wake unakubaliwa au unapingwa, na kuudai wajibu huo si kumtambua. Serikali ya Kinshasa, kwa upande wake, haijapoteza uwezo wa kutunga kanuni za uingizaji zinazowabana waagizaji wakubwa, ambao wengi wana ofisi na akaunti nje ya eneo la vita. Sumu haingoji mazungumzo yaishe.

Wala kisiwe kisingizio kwamba Kivu Kusini haina kiwanda cha kushughulikia betri hizo kwa usalama. Haina, na haipaswi kukijenga haraka haraka katikati ya nyumba za watu. Owino Uhuru ilianza hivyo hivyo, kwa mtu aliyesema analeta ajira. Kazi ya sasa ni kukusanya betri zikiwa nzima, bila kupasuliwa, na kuzihifadhi chini ya paa, juu ya sakafu isiyopitisha maji, mpaka zisafirishwe kwenda kwenye mtambo wenye kibali. Mkataba wa Basel, ambao Kongo imeukubali, unaruhusu usafirishaji huo kwa ridhaa ya nchi zote zinazohusika. Rwanda ina kituo cha taka za kielektroniki Bugesera. Atakayesema kwamba nchi hizi mbili haziwezi kukubaliana hata juu ya kontena la betri akumbushwe SINELAC: Kongo, Rwanda na Burundi zimekuwa zikigawana umeme wa Ruzizi II tangu mwaka 1989, kupitia vita vyote vilivyofuata, na mitambo haikuulizwa pasipoti.

Mafundi wasiguswe na polisi. Msako wa vibanda ndiyo njia ambayo mamlaka dhaifu huipenda, kwa kuwa inapigwa picha na haimgusi mwingizaji. Matokeo yake yatakuwa kuihamishia kazi hiyo ndani ya nyumba, usiku, jikoni. Fundi apewe kazi ya kukusanya na alipwe kwa kila betri anayoileta nzima. Atapata zaidi kwa kutoipasua.

Na kabla ya yote hayo, ipimwe hali ilivyo. Kituo cha utafiti cha Lwiro kiko wilaya hii hii ya Kabare. Bukavu ina vyuo vikuu vyenye vitivo vya sayansi na vya tiba. Udongo unaozunguka vibanda vya betri Mudaka, Miti, Kavumu na Kadutu uchukuliwe sampuli, na watoto wanaoishi ndani ya mita 50 wapimwe damu, wazazi wao wakikubali na wakipewa majibu. Gharama ya vipimo hivyo itolewe na waingizaji na wagawaji wa betri, si na wazazi. Matokeo yabandikwe sokoni kwa Kiswahili na Kimashi, yakitaja namba, mahali, na jina la ofisi iliyokuwa na jukumu la kuzuia. Kazi hiyo ikamilike kabla ya mvua za Septemba, maana zikishaanza, sehemu ya udongo huo haitakuwepo tena Mudaka kupimwa.